Kilio cha Mchana kwa Joëlla

Profesa Térence alikuwa mtu wa kusimama. Kula anakula wima, mitihani anasahihisha wima, ameegemea dirisha la maabara na koti mkononi utadhani kuna gari linamngoja nje. Pale chuoni walimtania kwamba hata kanisani anasalia karibu na mlango. Kufundisha vyuo viwili na kulala mbali huko Musaga si mchezo, hilo Joëlla, mwanafunzi wake wa utafiti, alilielewa vizuri. Lakini miaka mitatu ya kazi yake ilikuwa imenasa hapo hapo, kwenye miguu ya mtu asiyejua kukaa.

Kazi yenyewe ilikuwa plastiki inayotoa mwanga. Usicheke, ipo. Plastiki tunayoijua haipitishi umeme, ndiyo maana tunavishia nyaya. Ila zipo polima nyingine ambazo ukizipitishia umeme zinawaka zenyewe, bila moto na bila uzi ndani, na unaweza kuzipaka juu ya kioo kama rangi ya kucha. Huko kwenye pesa wanazitengenezea skrini na taa nyembamba kama karatasi. Joëlla alitaka ya kwake. Ile mikia ya molekuli inayofanya polima iyeyuke na kupakika aliitoa kwenye mafuta ya mawese ya Rumonge, na kila aliyesikia habari hiyo alimuuliza kama skrini yake itanukia isombe, kile kisamvu cha mawese.

Na ilikuwa inawaka. Inawaka kidogo tu, kwa rangi ya chungwa, halafu hewa yetu hii ya ziwani yenye unyevu inaiua. Ukishaiwasha una dakika chache. Kifaa cha kupimia mwanga kilikuwa kimekufa na kipuri hakijafika. Picha ya simu Profesa aliikataa katakata. "Simu za siku hizi zinapamba kila mutu," alisema. Alitaka kuona kwa macho yake mwenyewe, lakini macho hayo aliyaleta moja kwa moja kutoka juani, akayachomeka chini ya kitambaa cheusi, akayatoa.

"Sioni kitu, Joëlla."

"Prof, subiri kidogo, macho yazoee giza."

"Nimesubiri."

Alikuwa amesubiri muda wa kupiga chafya mbili.

Sasa Ijumaa hiyo baraza la idara lilikuwa linakutana saa tisa kugawa vyumba. Chumba cha Joëlla kilimezewa mate na watu wa kupima maji. Profesa angeulizwa neno moja tu: mwanga upo au haupo? Akisema haupo, chumba kinakwenda, na utafiti unakwenda nacho. Joëlla alimbembeleza apite nyumbani kwake Ngagara saa sita, katikati ya somo na somo, kwa kuwa maabara ni madirisha matupu, huwezi kupata giza la maana hata ukilia. Profesa alitazama saa yake. "Bon. Dakika mbili," akasema.

Asubuhi Joëlla alipaka polima yake maabara, ndani ya sanduku la hewa kavu, juu ya vioo vidogo vyenye ukubwa wa stempu. Akavifungia kwenye bakuli la plastiki la chakula, pamoja na vile vipakiti vya punje kavu vinavyokuja na viatu vipya, akapanda taksi hadi nyumbani, Quartier 3 ya Ngagara. Njiani kulikuwa na mashimo. Vioo viwili tu vilifika salama.

Sasa tazama alichofanya alipofika, halafu niambie wewe ungekuwa jirani ungeelewa nini. Alifunga rido zote za salon, mapazia yote ya sebuleni, mchana kweupe na kuziongezea blanketi, ili giza litimie. Alitoa viti vyote vya kochi nje kwenye baraza, maana vilikuwa vinamwaga vumbi la sponji, na vumbi ni adui wa polima. Akatandika mkeka. Akavaa gauni jeusi, kwa sababu nguo nyeupe inarudisha mwanga. Akazima simu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Na shangazi yake Adélaïde, mwenye nyumba hiyo, alikuwa amepelekwa Gitega kwa binti yake wiki iliyopita, presha ikimsumbua, na mtaa mzima ulijua.

Mama Léocadie, jirani wa mlango wa pili, mzaliwa wa Uvira na muuza vitenge wa mpaka wa Gatumba, alitoka kuanika nguo akaona viti nje na rido zimefungwa. Alipiga simu ya Joëlla. Haipatikani. Hakwenda kuuliza, jambo la namna hiyo haliulizwi mlangoni. Alibadilisha kitenge, akawapitia majirani, mzee Cirimwami na Elvire wa dukani, na wote watatu wakavua viatu mlangoni kwa Joëlla, wakaingia kimya kimya.

Mwanga wa jua uliruka ndani pamoja nao. "Fungeni mlango, tafadhali," Joëlla alisema, na sauti ilimkwama, maana alikuwa ameshika kioo mkononi, akiogopa vumbi. Wao wakasikia sauti ya mtu aliyelia. Wakafunga, wakapapasa, wakakaa mkekani. Joëlla alidhani wamekuja kuona plastiki, kwani alimwambia Léocadie jana kuwa leo ndiyo leo, na akashangaa kidogo kuwaona wastaarabu hivyo.

"Mwihangane, mwanangu," mzee Cirimwami akasema hatimaye. Hiyo ni pole ya msibani.

"Mzee, munanipa pole ya nini?"

Kisha Léocadie akasema polepole, "Tantine Adélaïde, si..."

Joëlla alishtuka. Simu yake ilikuwa imezimwa tangu saa tatu; je, wamesikia jambo ambalo yeye hajalisikia? Aliifunika simu kwa gauni, akaiwasha, akapiga Gitega. Shangazi alipokea mara moja, akaanza kulalamika kwamba wanampikia bila chumvi kama mgonjwa. Joëlla alimwacha aseme yote. Hakuwahi kuyasikia malalamiko matamu kama hayo.

Alipokata simu, aliwaeleza kuhusu giza na vumbi na gauni, na Profesa anayekuja saa sita na dakika zake mbili. Elvire alicheka hadi akajifunika mdomo kwa mtandio. Mzee Cirimwami alisema kwamba yeye alishaanza kufikiria nani ataleta sanduku. Halafu hakuna aliyeinuka. Walikuwa wamekaa, wamezoea, na nje jua lilikuwa kali.

"Basi tuonyeshe hiyo kitu yenyewe," Léocadie akasema.

Vioo ni viwili tu. Lakini watu hawa walikuwa wameacha kazi zao kuja kulia naye, na Joëlla aliona kwamba hilo lina bei yake. Akaunganisha betri kwenye kioo cha kwanza. Rangi ya chungwa ikatokea, ndogo, tulivu, ikakaa pale gizani.

"Yee," Léocadie akasema kwa sauti ya chini. "Ni kama kaa la mwisho kwenye mbabula ya kupikia."

"Munaiona?" Joëlla aliuliza. "Kweli munaiona?"

"Mi naiona," mzee akasema, "na miwani nimeacha nyumbani."

Joëlla alitokwa na machozi ya furaha, na hakuona haya. Watu watatu wameona. Kioo kilififia taratibu mpaka kikazimika. Léocadie alibaki akifikiri. "Nilipoingia humu sikuona hata mukono wangu," akasema. "Sasa naona hata vidole vya miguu ya mzee. Huyo muwalimu wako anakaaga muda gani?"

"Hakaagi."

"Aa," Léocadie akasema.

Hapo ndipo nyayo zikasikika barazani, za haraka, kisha zikapungua, kisha zikasimama. Profesa Térence alikuwa ameona viti nje, viatu mlangoni na rido zimefungwa. Waliokuwa ndani walisikia kiatu kimoja kikivuliwa, halafu cha pili. Mlango ulifunguka kidogo tu, kama inavyopasa kwenye nyumba ya msiba. Akaingia ameinamisha kichwa, akaufunga nyuma yake, akapapasa ukuta, na mbele ya macho ya Joëlla ambaye hakuwahi kuona jambo hilo, akakaa chini.

"Mwihangane, Joëlla," akasema. "Sikujua."

Joëlla alifungua mdomo amwambie ukweli. Léocadie akamfinya paja kwa nguvu kiasi kwamba neno lilirudi tumboni.

Hakuna anayeingia msibani akatoka baada ya dakika mbili. Hata Térence hakuwa mtu wa kiasi hicho. Na kwa kuwa alikuwa mkubwa kwa cheo pale ndani, aliona ni juu yake kusali. Shida ni kwamba hakujua aliyekufa ni nani, na swali hilo haliulizwi. "Mungu wetu," akaanza, "umpokee huyu... huyu mupendwa wetu uliyemuita." Mzee Cirimwami aliitikia amina kwa sauti nzito kabisa. Elvire alianza kutikisika mabega, na Profesa, aliyekuwa bado hamwoni vizuri, akadhani analia.

"Joëlla," akasema baada ya sala, "kuhusu kile chumba. Nitawaomba wakupe wiki moja ya msiba. Baadaye tutakutafutia kazi nyingine nzuri. Usijali."

Maneno yale yalimchoma. Kumbe jibu alikuja nalo mfukoni kabla hata ya kufika: haupo. Joëlla hakutaka huruma ya mtu, alitaka mtu aone. Kioo kilichobaki ni kimoja, na akikiwasha sasa hivi, macho ya Profesa bado yamejaa jua, atasema yale yale. Alikibana kati ya vidole, akangoja.

Léocadie ndiye aliyemwokoa. Alianzisha wimbo wa kanisani, ule wa beti nyingi, na aliuimba polepole kupita kiasi, akirudia kiitikio kila mara. Mzee akamfuata. Elvire akafuata. Profesa naye, angefanya nini, akaimba, na sauti yake ya besi ilikuwa nzuri, hakuna aliyejua. Beti zilipoisha Léocadie akarudia ubeti wa kwanza. Bega la Profesa lililokuwa limekaza likashuka. Akanyoosha miguu mkekani, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Ndipo Joëlla akaunganisha betri.

Profesa alinyamaza katikati ya mstari. "Kuna kitu pale," akasema.

"Wapi, Prof?"

"Pale. Cha rangi ya chungwa." Akainuka kwa magoti. "Zima."

Akazima.

"Washa."

Akawasha. Profesa alitambaa hadi kwenye kioo, akapitisha mkono mbele yake, akautoa, akaupitisha tena. Ncha ya pua yake ilikuwa imepata rangi ya chungwa.

"Ni ile?"

"Ni ile ile."

"Tangu lini inawaka hivi?"

"Tangu Februari, Prof. Hivi hivi."

Profesa alibaki amepiga magoti akiitazama mpaka ikafifia na kuzimika, na hata ilipozimika alibaki pale.

"Na marehemu?" akauliza mwishowe, kwa unyenyekevu.

"Hakuna mutu alikufa, muwalimu," mzee Cirimwami akasema. "Hata sisi tulikuja kulia, tukakuta plastiki."

Profesa alirudi mkekani, akakunja mikono kifuani, na Joëlla akajua amekasirika, na akajua ana haki ya kukasirika. Alikuwa akitafuta maneno ya kuomba msamaha wakati simu ya Profesa ilipoita. Mpigaji alikuwa mkuu wa idara, akitaka lile neno moja. Profesa aliigeuza skrini chini ili isiharibu giza, akaiweka sikioni, wala hakuinuka mkekani.

"Upo," akasema. "Ndiyo, nimeuona. Kwa macho yangu." Akasikiliza. "Apana, apana. Usiwaambie watu wa baraza wapite kuangalia. Waambie waje kukaa."