Kichupa Kimoja cha Kalsiamu

Jiwe la pili ndilo lililovunja kioo cha chumba cha sindano. La kwanza lilikuwa limegonga bati tu. Vipande vilimwagika juu ya kitanda, juu ya kifua cha kijana aliyeletwa na bodaboda robo saa iliyopita, na Aneth akamfunika uso kwa mikono yake miwili.

"Mtoeni!" watu walipiga kelele getini. "Mtoeni tummalizie!"

Sista Verdiana, muuguzi wa zamu, alisukuma kabati la mafaili hadi mlangoni huku akihema. Alikuwa na miaka hamsini na minne, magoti mabovu, na siku hiyo kituo kizima cha afya kilikuwa mikononi mwake. Daktari alikuwa ameondoka na gari la wagonjwa kwenda Mikumi, ambako lori na basi dogo vilikuwa vimegongana. Polisi walisema wako njiani kutoka Kilosa. Na njia yenyewe, masika haya, nani asiyeijua!

"Wewe kijana, unaitwa nani?"

"Nickson, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umewafanya nini hawa watu?"

"Ng'ombe waliingia kwenye mpunga. Hata si wangu, mama. Wangu walikuwa ng'ambo ya mto. Ila mimi ndiye niliyekutwa."

Wakulima walikuwa wamemkuta alfajiri, wakamfunga kwenye nguzo ya kibanda cha kulindia ndege, wakampiga kwa zamu kwa mipini ya majembe hadi saa nne. Hawakumpiga kichwani. Walimpiga mapaja, makalio, mgongo na mikono. Aliyechoka alikaa pembeni akanywa maji, mwingine akaendelea. Ngozi haikuwa imechanika sana, ila ilikuwa imevimba na kukaza, nyeusi, na ukiigusa kijana anauma meno.

"Michubuko," alisema Sista Verdiana. "Anaongea, anasalimia, ana bahati huyu. Mchome sindano ya maumivu."

Aneth hakuchoma. Alikuwa ameshika chupa ambayo Nickson alikuwa amekojolea, anaitazama. Mkojo ulikuwa kidogo sana, na rangi yake ilikuwa ya soda nyeusi.

Aneth alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili, kituoni hapo kwa mazoezi. Alikuwa na sapu moja, mtihani wa kurudia, ya somo la chumvi za damu: sodiamu, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu. Alikuwa amekariri namba zote kama mtoto wa madrasa, na mwalimu akamwandikia kwa wino mwekundu, "Umekariri, hujaelewa." Maneno hayo yalimuuma kuliko sapu yenyewe. Likizo nzima alikuwa amelala na daftari la somo hilo.

Akashika mkono wa Nickson, akatafuta mapigo. Yalikuwa ya taratibu mno. Yalipiga, yakapiga, yakaruka moja, yakarudi.

"Nickson, inua mguu."

Alijaribu. Kisigino hakikuachana na godoro. "Dada, miguu imekuwa mizito. Kama si yangu."

"Sista, huyu anakufa," alisema Aneth.

"Anakufaje mtu anayeongea?"

"Nyama ya mwili imejaa potasiamu. Ikipondwa hivi, yote inamwagika kwenye damu. Figo ndizo zingeitoa, na figo zenyewe zinaziba, angalia mkojo huu. Ikizidi inasimamisha moyo. Hiyo sindano ya maumivu ndiyo itamalizia figo. Sista, nakuomba, shika mapigo."

"Mwanafunzi ndiyo unifundishe kazi?" Lakini alishika. Alishika dakika nzima, macho yake kwenye saa ya ukutani, na uso wake ukabadilika. "Mungu wangu. Thelathini na nane."

"Tumpe dripu ya chumvi, tumpe insulini na glukosi zirudishe potasiamu kwenye nyama. Ila hizo zinachukua nusu saa. Kinachokinga moyo sasa hivi ni kalsiamu."

Kila nesi wa wodi ya wazazi anajua kalsiamu inakaa wapi. Inakaa kwenye sanduku la kifafa cha mimba, pamoja na magnesiamu, kwa sababu magnesiamu inayozuia degedege la mama ndiyo hiyo hiyo ikizidi inamlegeza hadi anasahau kupumua, na kalsiamu ndiyo inayomrudisha. Ndani ya sanduku kilibaki kichupa kimoja. Na chumba cha pili, nyuma ya pazia, alilala mama aliyeletwa kutoka Tindiga alfajiri akiwa anatikisika na povu mdomoni, mimba ya miezi minane. Alikuwa amepewa magnesiamu saa kumi na mbili, akaongezwa saa nne.

Mama huyo alikuwa Irine, mke wa Bonifas, kaka yake Aneth, tumbo moja. Na sauti kubwa kuliko zote kule getini ilikuwa ya Bonifas.

"Wewe ndiye uliyekaa na wifi yako tangu asubuhi," alisema Sista Verdiana, akichomoa ufunguo wa sanduku kiunoni. "Dhamana ni yangu, lakini hali yake unaijua wewe. Niambie kichupa kiende kwa nani. Na niambie haraka."

Aneth alikimbia. Irine alikuwa anasinzia. Akamgonga chini ya goti kwa ukingo wa kiganja, mguu ukaruka; magnesiamu ikizidi hauruki. Akahesabu pumzi: kumi na nane. Vizuri. Akainama kutazama mfuko wa mkojo. Saa nzima, vijiko viwili tu vya chai au vitatu. Magnesiamu inatoka kwa mkojo, na mkojo ukigoma inabaki mwilini inajilundika. Goti zima, pumzi nzima, mkojo mbaya. Saa moja ijayo goti hilo linaweza kukataa.

"Wifi," Irine alisema bila kufumbua macho. "Usiniache."

"Nakuja, wifi."

Alirudi mbio. "Mpe Nickson," alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Yeye ni sasa hivi. Irine bado."

Kalsiamu haisukumwi kwa pupa. Ukiiharakisha, moyo uliotaka kuulinda unausimamisha wewe mwenyewe. Inaingia taratibu, dakika kumi, kidole gumba kikienda kidogo kidogo. Sista alitundika dripu, akaenda kwenye friji kutafuta insulini. Aneth alikaa ukingoni mwa kitanda, akaingiza sindano kwenye mshipa, akaanza. Jiwe likapita dirishani likapasua chupa za spiriti. Hakugeuka. Nickson alikuwa anamtazama.

"Dada, ng'ombe wangu wako na nani?"

"Sijui. Nyamaza, tulia."

Walipofika nusu ya bomba, mlango ukapigwa teke. Kabati likayumba, likaanguka kwa kishindo, mafaili yakatapakaa, na Bonifas akaingia na mpini mkononi. Alikuwa na matope hadi magotini, na mpini ule ulikuwa na damu iliyokauka. Alimkuta Sista Verdiana uso kwa uso, na mdomo wake ukafanya ulichozoea.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Toka nje."

"Mke wangu yumo humu. Nina haki." Kisha akamwona dada yake. "Wewe Aneth! Unamtibu huyu? Huyu?"

Alivuka chumba kwa hatua mbili, akamzaba kofi. Kichwa cha Aneth kiligonga ukuta, mdomo ukajaa damu. Mkono wake wa kulia haukusogea.

"Piga tena," alisema. "Nikishtuka nikasukuma yote, utakuwa umemuua kwa mkono wangu. Piga."

Bonifas alinyanyua mpini. Nickson alifumba macho. Nje watu walikuwa wamesogea dirishani, wanasikiliza. Mpini ukakaa hewani, na Aneth akaendelea kusukuma, kidogo, kidogo, hadi bomba likaisha. Akachomoa. Akashika mapigo. Arobaini na nane. Hamsini na sita. Hayaruki tena.

"Amekula msimu wangu wote," Bonifas alisema. "Ameleta ng'ombe, mke wangu akashtuka, akaanguka kifafa."

"Mke wako amekaa na miguu imevimba wiki mbili, kichwa kinamuuma, ukasema ni mimba ya dume! Ni presha, kaka. Hakuna ng'ombe aliyemwangusha."

"Si mmempa dawa?"

"Tumempa. Na dawa hiyo inaweza kumzidi. Kinachoizima ni kile kichupa nilichomchoma huyu. Kilikuwa kimoja."

Aliyasema hivyo, wazi, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuyasema. Bonifas alimtazama kana kwamba hamfahamu. Mpini ulimtoka mkononi ukaanguka sakafuni.

"Umempa mtu huyu dawa ya Irine?"

"Wewe ndiye uliyemfanya aihitaji."

Sista Verdiana aliingia kati na insulini. "Mpigane baadaye! Nimempigia daktari, gari linageuza Mikumi na kalsiamu ndani, mwendo wa saa moja likiwahi. Huyu namshika mimi. Aneth, kwa wifi yako, kimbia."

Walikwenda wote wawili, yeye na kaka yake. Irine alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Aneth akagonga chini ya goti. Mguu haukuruka. Akagonga tena, kwa nguvu. Ukalala vile vile.

"Nini? Aneth, nini hiyo?"

"Shika simu yako, weka dakika moja. Weka kiganja hapa, chini ya kifua. Kikinyanyuka ni pumzi moja. Ikifika kumi na sita anajiweza mwenyewe. Isipofika, nitampulizia kwa huu mfuko mpaka gari lije, na wewe utanipokea nikichoka."

"Mimi siwezi."

"Umeweza tangu alfajiri. Hesabu."

Bonifas alipiga magoti kando ya kitanda. Akaweka kiganja chake, chenye malengelenge mapya ya mpini, juu ya khanga ya mkewe. Aneth alisimama kichwani na mfuko wa kupulizia, barakoa yake tayari juu ya uso wa Irine, damu ya mdomo ikimdondokea kwenye sare.

"Moja," alisema Bonifas. "Mbili."

Mtu mmoja alichungulia mlangoni, akauliza kama wamtoe yule jamaa au vipi. Bonifas aliendelea kuhesabu. Alisimama, akavua kofia, akabaki hapo hapo.

"Tisa. Kumi." Bonifas alikuwa anatetemeka mwili mzima, isipokuwa kile kiganja. "Kumi na moja. Aneth, zimekaa mbali mbali."

"Usiongee. Hesabu."

"Kumi na mbili. Kumi na tatu."

Kule chumba cha sindano Nickson alikuwa ameacha kugumia kwa maumivu, kana kwamba naye amebana pumzi asimpotezee mwenzake hesabu.

"Kumi na nne." Akatazama simu. Sekunde tisa zilikuwa zimebaki. Akarudisha macho kwenye mkono wake, akausubiri unyanyuke.