Pigo Moja Juu ya Kikwe

Mwaka ule reli ilipofika Moshi, Kaanaeli alikuwa akimbebea fimbo za gofu Bwana Krenz, mlowezi wa Kijerumani mwenye shamba juu ya kijiji cha Kikwe. Bwana alijifunza mchezo huo kwa Waingereza, na kwa kuwa hakuwa na mwenzake, alicheza peke yake kila alasiri, Kaanaeli akimfuata nyuma. Uwanja wenyewe zamani ulikuwa shamba la Kaanaeli. Migomba ilifyekwa, nyasi zikapandwa, na shimo la mwisho likachimbwa pale alipozikwa mkewe, Eunike. Kaanaeli alilisema hilo siku ya kuchimba. Bwana akajibu kwamba udongo wa pale ni laini.

Alhamisi moja, mvua ilipokatika, Kaanaeli akiwa ametangulia kusimama kando ya shimo la mwisho, Bwana aliupiga mpira mara moja tu. Ukavuka mfereji, ukadunda, ukabingirika, ukatumbukia shimoni.

"Baba Elisaria," Eunike aliita kutoka chini, "nani anatupa mawe nyumbani?"

Kaanaeli alipiga magoti. "Ni mzungu. Anacheza."

"Na migomba yangu?"

"Imefyekwa."

"Elisaria je?"

"Alichukuliwa kujenga reli. Reli imefika, yeye hajarudi."

"Wewe unakula?"

"Nakula," alisema Kaanaeli, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana.

Bwana alifika, akavua kofia. "Anasema nini?"

"Ananijulia hali."

"Mwulize kama ameona. Pigo la namna hii huhitaji shahidi."

Kaanaeli akauliza. Eunike alisema ameuona mpira ukiingia, kisha akautoa nje, umekwisha kufutwa udongo. Bwana alishukuru, akaenda barazani kwake kunywa mvinyo peke yake.

Kaanaeli alibaki akimwita mkewe mpaka giza likaingia. Hakuitikiwa. Kesho yake aliutumbukiza mpira kwa mkono. Ukalala tu mle chini. Akausukuma kwa fimbo kutoka karibu, ikawa vilevile.

Tangu hapo, kila Bwana alipoinua fimbo mbali kule, Kaanaeli aliomba kimoyomoyo mpira uingie kwa pigo moja. Katika mlima wote wa Meru, hakuna mwingine aliyemtakia heri mzungu yule. Bwana alipiga. Mpira ukaangukia majanini, na Kaanaeli akaenda kuuokota.