Gari Lisilo na Maneno

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale ofisini, ila wote walimwita hivyo, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, kwa sababu aliwazidi wote umri na hakukosa sindano na uzi mkobani. Kifungo cha mtu kikikatika, alijua aende meza ipi.

Kazi ya ofisi ile ilikuwa kuyapa magari nyota. Gari baya nyota moja, gari zuri nyota tano, na mnunuzi asiyejua kitu anasoma nyota zake, anaacha kuumiza kichwa. Shangazi alikuwa akiwapigia simu wenye magari, anawauliza wanapenda nini na wanachukia nini, kisha anaandika kwenye kompyuta maneno yao kama yalivyotoka mdomoni. Baada ya hapo programu inayasoma, inayapima, inatoa nyota.

Programu hiyo aliileta mkurugenzi, kijana mwenye tai nyembamba, ambaye wafanyakazi walimbatiza Bwana Nyota. Tuseme haki, alikuwa na moyo mzuri. Aliposikia Shangazi anaumwa magoti alimletea mto wa kiti kutoka nyumbani kwake, akauweka kwa mkono wake mwenyewe, wala hakumtangazia mtu. Tatizo lake lilikuwa moja tu: aliiamini ile programu kuliko masikio yake.

"Hujambo, baba," Shangazi alisema kwenye simu siku moja. "Tunauliza habari za gari lako."

"Yule Kobe wangu?"

Kobe ndilo jina ambalo watu walilipa lile gari dogo la zamani lenye mgongo wa duara.

"Huyohuyo. Unampendea nini?"

"Mama, gari lile halina maneno."

"Na jingine?"

"Jingine lipi tena? Nimesema halina maneno. Fundi wangu hata hanijui. Juzi tumekutana dukani, kanipita kama nguzo ya umeme."

Shangazi alicheka, akaandika: Halina maneno. Fundi hanijui.

Simu iliyofuata ilikuwa ya mwenye Kasuku. Hilo lilikuwa gari jipya, pana, linalong'aa, na lilipewa jina hilo kwa sababu linaongea.

"Usinikumbushe, mama! Lina maneno hili gari, lina maneno mpaka kichwa kinaniuma. Fundi sasa ananijua mimi, mke wangu na watoto wangu kwa majina. Jana kaniuliza kama yule mdogo kapona mafua."

Shangazi alimpa pole, akaandika hayo nayo. Na hivyohivyo kwa wiki nyingi: wenye Kobe wanasifu, wenye Kasuku wanaugulia, na Shangazi anaandika.

Matokeo yalipobandikwa ukutani, Shangazi alivaa miwani yake, akaivua, akaipangusa, akaivaa tena. Programu ilikuwa imesoma neno moja moja, kama mtoto anayesoma kwa kidole. Kobe: mfumo wa mazungumzo, hakuna. Uhusiano kati ya fundi na mteja, duni. Nyota mbili. Kasuku: mazungumzo, mengi sana. Uhusiano kati ya fundi na mteja, wa karibu, hadi ngazi ya familia. Nyota tano, na ngao ya gari bora la mwaka.

Angecheka tu yakaisha, lakini Jumapili alikuja nyumbani kwake mdogo wake wa kiume. Abiria wake walimwita Taratibu, na jina lilimkaa, kwa kuwa alikuwa akilipita kila shimo kama vile chini yake amelala mtoto. Alikuwa na Kobe, na kazi yake ilikuwa kuwabeba wagonjwa wa kliniki ya figo, kuwapeleka kusafishwa damu na kuwarudisha. Kwenye buti alikuwa na kigoda. Mgonjwa asiyeweza kuinua mguu anawekewa kigoda, anashikwa kiwiko, anaingia kwa heshima zake. Kitambaa cha kufunika kile kigoda alikishona Shangazi.

Taratibu alikunywa chai yake hadi nusu kabla ya kusema.

"Muuguzi mkuu kaniita pembeni, dada. Masikini, hata kunitazama usoni alikuwa anaona haya. Kuanzia mwezi ujao, gari lisilo na nyota nne halibebi mgonjwa."

"Nani kawapa habari za nyota, wao watu wa figo?"

Taratibu alimtazama dada yake, akatabasamu. "Dada, mbona unaniuliza mimi?"

Shangazi aliweka kikombe chini.

"Na mwalimu je?" aliuliza. Mwalimu alikuwa mama mstaafu, abiria wa Taratibu tangu alipoanza kuugua.

"Wamemjaribisha Kasuku. Limempigia kelele njia nzima afunge mkanda, na mkanda wenyewe unapita palepale penye mrija wake wa kusafishia damu. Kafika macho mekundu. Anasema eti ni vumbi."

Hakumlaumu dada yake hata kwa kuguna, na hilo ndilo lililomuuma Shangazi zaidi. Asubuhi yake alibisha mlango wa Bwana Nyota.

"Mwanangu, nikikwambia gari halina maneno, unaelewa nini?"

"Kwamba halisumbui, Shangazi. Nani asiyejua?"

"Programu yako haijui."

"Programu haina upendeleo."

"Na masikio pia haina."

Bwana Nyota alicheka, akamvutia kiti. "Shangazi, tumeuliza watu wengi sana. Makosa madogo yanafutana yenyewe kwa yenyewe. Hiyo ndiyo sayansi."

"Lakini kila mwenye Kobe kaniambia neno hilohilo."

"Unaona sasa? Wote wanalalamika!"

Shangazi alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyevaa viatu kushoto kulia.

"Mdogo wangu atakosa kazi, baba. Na wapo wagonjwa watakaoumia."

Hapo Bwana Nyota aliacha kucheka. Aliinamisha kichwa, akachezea tai yake. "Pole, Shangazi. Kweli nakwambia pole. Lakini ngao imeshachongwa na waalikwa wameshaalikwa. Na mimi mwenyewe nimenunua Kasuku. Ningenunua kama silo bora?" Kisha, maana moyo wake ulikuwa ule ule mzuri, akasema, "Jumamosi usiende kwenye sherehe ya ngao kwa miguu. Nitakupitia."

Jumamosi mchana alimpitia kweli. Kiti cha mbele alimpa Shangazi, kwa ajili ya magoti yake. Nyuma alikuwa ameketi mama mkwe wake, mama mnene, mpole, mwenye sauti nzuri, na tabia ya kuimba chinichini akiwa safarini. Bwana Nyota alimwogopa mama huyo kama mkwe anavyopaswa kuogopa: alisema naye macho chini, na kila sentensi aliifunga kwa "mama".

Waliondoka. Mama mkwe akaanza kuimba.

"Kiti cha nyuma, kulia," ilisema sauti ya kike kutoka kwenye dashibodi, kali kama ya mwalimu wa zamu. "Kuna mzigo mzito. Tafadhali funga mzigo."

"Samahani, mama," alisema Bwana Nyota. "Ni mashine tu, mama."

"Mzigo," mama mkwe alirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Alifunga mkanda. Akakaa vizuri kidogo.

"Mzigo umesogea," gari likasema.

Masikio ya Bwana Nyota yalianza kung'aa kwa jasho. Alibonyeza kitufe, kiti chake kikaanza kupata moto. Akabonyeza kingine.

"Ujumbe mpya kutoka kwa Mke Wangu," lilisema gari. "Ninausoma."

"Usisome!"

"Ninausoma. Mama akianza kuimba, wewe ongeza redio."

Wimbo wa nyuma ulikatika kama uzi. Shangazi alikuwa na lake la kusema, lakini alimwonea huruma yule mama, akanyamaza. Bwana Nyota sasa alikuwa anabonyeza kila kilichobonyezeka. Vifuta kioo vilicheza bila mvua.

"Dereva ana wasiwasi," gari lilisema. "Kwa usalama wako, ninasimama."

Likasimama, katikati ya barabara, taa zote zikikonyeza. Waliokuwa nyuma walipiga honi, mmoja akatoa kichwa dirishani kuuliza kama wanasubiri kuchumbiwa.

"Tafadhali pumua," gari likashauri.

Shangazi alitoa simu yake mkobani, akampigia mdogo wake.

Taratibu alifika, akawasaidia kwanza kulisukuma Kasuku pembeni, huku lenyewe likilalamika kwamba linaguswa na watu lisiowajua. Kisha alifungua buti, akatoa kigoda, akakiweka chini ya mlango wa Kobe.

"Shikamoo, mama. Kanyaga hapa, na uniegemee. Hakuna anayetukimbiza."

Mama mkwe alimshika bega, akapanda. Mlango ulifungwa na hakuna sauti iliyomwita mzigo. Kobe akaondoka. Walikwenda kimya, kimya cha watu wanaoogopa kutazamana, mpaka Shangazi akageuka nyuma.

"Mama, ule wimbo ulikuwa umefika wapi?"

Taratibu, ambaye hakujua habari ya wimbo wowote, alinyoosha mkono akazima redio iliyokuwa ikilia chinichini.

Mama mkwe alimtazama mkwe wake. Mkwe alikuwa akivitazama viatu vyake. Basi akaanza tena kuimba, kwanza kwa kuibia, kisha kwa sauti yake kamili, na ilikuwa sauti ya kutuliza homa. Bwana Nyota aliegemea, akalegeza tai, akafumba macho.

"Aah," alishusha pumzi. "Kaka, gari lako hili halina maneno kabisa."

Wimbo ulisimama. Shangazi alitazama nje kwa bidii, kana kwamba hajawahi kuona ukuta. Taratibu alibadilisha gia.

"Ni kweli, bosi," alisema kwa adabu. "Na limepata nyota mbili."

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka Kobe akayumba kwenye springi zake. "Mzigo umesogea!" alisema akijifuta machozi. "Jamani, mzigo umesogea!"

Mtu angedhani yameishia hapo. Lakini kule ukumbini meza zilikuwa na vitambaa vyeupe, kipaza sauti kilikuwa tayari, na jina la Kasuku lilikuwa limeshachongwa kwenye ngao. Bwana Nyota alipanda jukwaani akasoma alichoandikiwa: sauti ya wateja imesikika. Watu walipiga makofi. Shangazi alikunja mikono yake mapajani, na mama mkwe, aliyekaa jirani naye, akaikunja yake vilevile.

Jumatatu Shangazi aliendelea na kazi. Wiki ya mwisho ya mwezi ilikuwa imeingia, na Taratibu alikuwa ameshaanza kuwaaga wagonjwa wake mmoja mmoja. Namba za wenye Kasuku zilikuwa zinajileta zenyewe kwenye kompyuta. Alipiga iliyofuata, na simu ikalia upande wa pili wa kioo, ofisini kwa mkurugenzi.

Walitazamana kupitia kile kioo. Sheria ilikuwa sheria: namba ikija, inaulizwa.

"Hujambo, baba. Tunauliza habari za gari lako."

Bwana Nyota alitazama kama mlango wake umefungwa. Halafu yakamtoka.

"Lina maneno, Shangazi! Lina maneno mpaka basi! Mama mkwe haji kwangu tena, mke wangu ananipikia amenuna. Fundi nimekwenda kwake mara mbili tangu juzi, ananijua sasa mpaka anamsalimia mama mkwe kupitia kwangu!"

"Niandike kama ulivyosema?"

"Andika!"

Aliandika. Bwana Nyota alitoka ofisini kwake, akaja kusimama nyuma ya kiti chenye ule mto. Kwenye kioo cha kompyuta palitokea alama ya kijani: Sifa mbili mpya za Kasuku zimepokelewa. Asante kwa kuridhika.

"Lakini hiyo siyo sifa!" alisema. "Hayo ni malalamiko! Hiyo ni hasira yangu!"

"Makosa madogo yanafutana, mwanangu," alisema Shangazi kwa upole.

Bwana Nyota alisimama pale muda mrefu. Shangazi alimsogezea kikombe chake cha chai, ambacho alikuwa bado hajakinywa, naye akakinywa chote bila kujua ni cha nani.

Kabla ya jioni tangazo lilitoka. Mtu mwenye cheo akikosea hasemi nimekosea, anafanya uchunguzi. Basi tangazo lilisema kwamba, baada ya uchunguzi wa kina, imebainika kuwa Kobe ana mfumo wa mazungumzo wa hali ya juu, uliowekwa katika ukimya wa kudumu tangu kiwandani, na pia kwamba mafundi wake wanaheshimu faragha ya mteja. Nyota nne. Kasuku alibaki na zake tano na ngao yake. Bwana Nyota mwenyewe alianza kwenda kazini kwa miguu, akisema daktari kamshauri.

Mwezi ulipogeuka, Taratibu alisimamisha Kobe mbele ya nyumba ya mwalimu, akaweka kigoda. Mwalimu alitoka akijishika ukutani, akasita mbele ya kioo cha mbele, palipobandikwa stika mpya inayometameta.

"Hizi nyota za nini tena?"

"Za kukaa kimya, mwalimu."

"Ala! Nimefundisha miaka yote ile nikiwaambia watoto wakae kimya, sikujua kuna tuzo."

Alikanyaga kigoda, akaegemea mkono wa Taratibu, akaingia. Taratibu alichukua kitambaa laini kilichokunjwa, akakipitisha kati ya mkanda na mahali panapouma, kisha akasubiri. Mwalimu alisogea kidogo kushoto, kidogo kulia, akatengeneza ushungi wake, akatafuta miwani yake mkobani, akaipata.

"Haya," alisema.

Ndipo Taratibu akawasha gari.