Neno Chini ya Kitanda cha Pélagie

Kila asubuhi, kabla ya kupanga simu za watu kwenye ubao wa kibanda chake cha kuchajia, Pélagie alifagia kwanza matusi ya jana. Yalikuwa yamejaa chini ya nyaya za kuchajia, makavu, mepesi, rangi ya maganda ya karanga, na upepo ukiyagusa tu yalikimbilia uani kwa majirani. Simu ikilala kwenye umeme hutema yale mwenyewe aliyoyaandika mchana, na msimu ule mji wa Kindu ulikuwa unaandika kweli kweli. Pélagie aliyasukuma kwa ufagio hadi kwenye debe, akayapitia kwa macho kama mtu anayechambua mchele. Shetani, mchawi, malaya, muuaji, msaliti. Msaliti ndiyo yalikuwa mengi kuliko yote. Alitia konzi moja kwenye mbabula, jiko lake la makaa, akapanga makaa juu, akawasha kiberiti. Matusi hushika moto haraka na moshi wake hauumizi macho, kwa hiyo hakuwa ananunua tena mafuta ya taa.

Neema hiyo ilitoka kwenye Nyumba ya Kamera. Ni kipindi cha televisheni: vijana walifungiwa katika nyumba moja huko Kinshasa, wakapigwa picha wakila, wakilala na wakigombana, na kila Jumapili mmoja akafukuzwa. Mkoa wa Maniema ulikuwa na mtoto wake humo ndani, Falone wa Kalima, na Kindu nzima ilimpenda hadi siku alipotaja jina la rafiki yake Espoir kwenye kura ya kufukuza. Espoir alifunga mizigo yake huku analia. Basi, tangu hapo Falone alikwisha. Watu ambao hawakuwahi kumkasirikia hata mwizi aliyewavunjia mlango walimwita muuaji. Mama mmoja muuza samaki, mpole, asiyethubutu kuchinja hata kuku wake mwenyewe, aliandika kwamba msichana huyo achomwe. Kosa lenyewe, ukilitazama vizuri, lilikuwa la mtoto aliyetaka kubaki mchezoni. Lakini nani alikuwa na muda wa kulitazama vizuri?

Déborah, binti wa pekee wa Pélagie, alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa mtu mzima sasa, mwenye akili na moyo mzuri, lakini akishika simu hakuna aliyemshika.

"Maman, ule Falone njo musaliti kabisa," alisema asubuhi hiyo, akinywa chai kwa mkono mmoja na kuandika kwa mwingine. "Mbwa ile!"

"Weye ulishaona musaliti?"

"Njo yeye! Hata Papa Édouard anaandikaka vile mu groupe kila siku. Ule papa anasemaka kweli."

"Hilo neno iko na uzito, mutoto wangu."

"Ah, Maman. Njo maneno ya ku téléphone tu."

Pélagie alirudi kwenye debe lake. Uzito wa neno hilo aliujua, kwa sababu la kwake lilikuwa chini ya kitanda.

Lilimfikia wakati wa vita, mwaka ule treni zilipolala stesheni hadi majani yakaota katikati ya reli. Mji ulikuwa umefungwa pande zote. Mashamba yalikuwa nje na njaa ilikuwa ndani. Aliyetaka muhogo ilimbidi apite kizuizini, na hapo kizuizini, pembeni ya askari, alikaa mtu mmoja aliyefunikwa uso kwa kitambaa. Kazi yake ilikuwa kuwatambulisha jirani zake. Joël, mume wa Pélagie, fundi wa reli aliyebaki bila reli, alifika pale na chumvi kidogo ndani ya soksi, ili akabadilishe na muhogo. Mtu wa kitambaa akatamka neno moja: msaliti. Neno likamwangukia Joël begani, akapiga magoti, askari wakamwinua na kuondoka naye. Hakuonekana tena, si mzima wala maiti.

Pélagie alipofika alikuta sandali moja na lile neno. Lilikuwa limelala katikati ya njia, jeusi, ukubwa wa pasi ya makaa, na wanaume wanne walikuwa wameshindwa kulisogeza ili baiskeli zipite. Yeye alikuwa na mimba kubwa ya Déborah. Alilifunga mgongoni kwa kitenge kama anavyofungwa mtoto, akainuka nalo, akaenda nalo nyumbani, na watu wakampisha njia. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeweza kulinyanyua. Sakafu chini ya kitanda ilibonyea, akatia saruji, ikabonyea tena. Wakati wa kiangazi lilitoa joto hadi akalala chini kwenye mkeka.

Neno linalotamkwa kwa nia hubaki na meno ya aliyelitamka, na hilo nalo lilikuwa nayo. Ukingoni palikuwa na safu ya alama kama gunzi la hindi lililoumwa, safu nzuri kabisa isipokuwa pengo moja mbele, la jino lililovunjika upande. Kwa hiyo miaka yote hiyo Pélagie alitazama vinywa vya watu. Aliwatazama sokoni, bandarini, kanisani wakiimba, matangani wakilia. Wengi walidhani amekuwa kiziwi na wakawa wanamsemesha kwa sauti ya juu.

Asubuhi hiyo, baada ya Déborah kuondoka, aliokota ganda moja kutoka kwenye debe kabla halijaingia motoni. Msaliti. Lilikuwa jepesi kama mengine yote, lakini ukingoni lilikuwa na meno, na katikati ya meno kulikuwa na pengo. Akaokota jingine. Pengo. Yote yalikuwa yameanguka mahali pamoja, chini ya waya wa mwisho, ambako Papa Édouard aliweka simu yake kila jioni. Mzee huyo alikuwa na tabia ya kutamka kila anachokiandika.

Pélagie aliingia chumbani, akapiga magoti, akaliweka ganda juu ya neno. Yalikaa pamoja kama mfuniko na sufuria yake.

Papa Édouard! Alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Kabla ya vita alicheza drafti na Joël kila jioni, na alishindwa kila jioni bila kukasirika. Kwenye matanga ya Joël, yasiyo na maiti, yeye ndiye aliyeongoza sala, na alilia kuliko ndugu wa damu. Yeye ndiye aliyemshika Déborah mkono siku ya kwanza ya shule. Mwaka uleule vita vilipokwisha aliweka jino la dhahabu mbele, akasema ni la kumshukuru Mungu aliyemvusha, na Pélagie mwenyewe alimpikia kuku kwa furaha hiyo. Akakumbuka sasa alivyomchagulia paja. Dhahabu hiyo ililifunika pengo kinywani, haikulifunika kwenye maneno, na kinywa cha rafiki huyo ndicho pekee ambacho hakuwahi kukitazama. Alikaa sakafuni akamchukia, polepole, kwa raha zote, kama mtu anayekula chakula alichokingojea tangu asubuhi. Kisha akaenda kupokea simu za wateja.

Hakutaka auawe. Alitaka kitu kimoja tu: mzee huyo aseme mbele za watu ni wapi walimweka Joël, ili aende akamchukue.

Alingoja Jumapili ya fainali. Kibanda chake kilikuwa na mabamba mengi ya umeme wa jua kuliko vyote katika mtaa huo, kwa hiyo skrini kubwa iliwekwa uani kwake, na watu wakaja na viti vyao tangu jua likiwa bado kali. Papa Édouard alipewa kiti cha mbele. Falone alipotangazwa mshindi, uwanja ulichafuka. Kila mtu aliandika. Simu zilitema hata zikiwa mikononi, na maganda yakawafika watu kwenye vifundo vya miguu. Pélagie alipita katikati yake na kusimama mbele ya skrini.

"Papa Édouard," alisema, "weye njo muuaji. Njo uliua Joël."

Neno hilo muuaji alikuwa amelitunza tumboni tangu siku ya sandali. Alitegemea litakapotoka litavunja kitu. Lilimtoka mdomoni, likaelea kidogo, likaangukia kwenye maganda mengine, rangi ileile, wepesi uleule. Kuku mmoja alikuja akalidonoa, akaliacha.

Watu wakacheka, si kwa ubaya.

"Mama Déborah, muuaji wa saison gani ya Nyumba ya Kamera?" aliuliza kijana mmoja.

"Hata miye jana waliniita muuaji," alisema muuza samaki, "juu nilisema Espoir hajuake kupika!"

Papa Édouard naye alicheka, jino la dhahabu likamulika. "Muache Mama aseme. Mu groupe bananiita vile kila asubui, na bado niko muzima."

Pélagie aliwatazama, akaona kwamba neno lake wamekwisha kulila wote, siku baada ya siku, na hawakumbakizia hata kipande.  Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amejifunga kitenge mgongoni na ndani ya kitenge kulikuwa na mzigo, na alitembea ameinama. Alifika mbele ya kiti cha mzee, akakifungua kitenge, akalilaza neno juu ya mapaja yake.

Miguu ya kiti ilipasuka mara moja. Papa Édouard akajikuta amekaa chini, miguu imenyooka, neno limemkalia. Hakuna aliyepiga kelele. Mtu mmoja wa nyuma alimwomba Pélagie asogee kidogo kwa sababu alikuwa anaziba skrini.

Mzee alilitazama lile neno. Alipitisha kidole kwenye alama za meno hadi kikafika kwenye pengo, kikasimama hapo.

"Uliichunga," alisema kwa sauti ndogo.

"Njo yako. Joël iko wapi?"

Mzee aliwatazama watu waliomzunguka.

"Sema. Nitaitosha juu yako saa hii hii, niibebe mpaka ku mutoni, niitupe."

"Itoshe kwanza, nitasema."

"Sema kwanza."

Hakuna aliyekubali kutangulia, na fainali ikaisha. Watu wakabeba viti vyao.

Kesho yake wana wa mzee walijaribu na mtaimbo wa reli, ukapinda. Muuguzi alikuja akampima shinikizo la damu, akasema si baya kwa umri wake. Ofisa mmoja wa serikali alikuja na pikipiki, akalizunguka neno mara mbili, akaeleza kwamba neno si shahidi, kwamba mambo ya vita yana ngazi zake huko juu, na kwamba mzee asisumbuliwe. Akaacha simu yake ichajiwe. Ndugu wa mzee walisimika miti minne na kutandika turubai juu yake. Wateja wakazoea kumruka miguu wanapofika kwenye ubao.

Déborah ndiye aliyeumia. Alichuchumaa mbele yake, akaweka kiganja juu ya neno, akakiondoa haraka kwa joto.

"Papa, njo kweli?"

"Mutoto wangu," alijibu, "vita ilikuwa ya batu bote."

Déborah hakumwita Papa tena. Alilia siku ile, na alipomaliza kulia alishika simu, akaandika kwenye groupe kila alichokuwa nacho moyoni: muuaji, shetani, mnyama, msaliti. Watu wakamjibu kwa vichekesho. Mmoja akamuuliza kama anamsema Falone. Asubuhi Pélagie aliyakuta maneno ya bintiye chini ya waya, na hayakuwa na uzito kuliko yale aliyokuwa akimrushia msichana wa Kalima. Alipuliza moja, likaruka. Aliyafagia mapema, Déborah asiyaone, na hayo hakuyatia kwenye mbabula. Aliyazika nyuma ya choo.

Halafu msimu mpya wa Nyumba ya Kamera ukaanza. Safari hii yuko kijana anayedaiwa kumlia mwenzake samaki wa kopo, na mji umeshachemka. Papa Édouard bado ni msimamizi wa groupe. Anaomba simu yake mapema, anaandika huku anatamka, na jioni anamrudishia Pélagie aichaji. Mvua ikinyesha kwa upande, Pélagie hutoka haraka na kuifunika simu. Mzee hamfuniki.

Asubuhi hufagia. Maganda yenye pengo huyaweka mbali na mengine, kwa sababu ndiyo yanayowaka vizuri zaidi, na juu yake hupika uji wa muhogo, mzito, wenye sukari ya kutosha. Hujaza bakuli, huchuchumaa karibu na miguu ile iliyonyooka, na humuuliza ni wapi. Mzee hutazama upande wa mto. Uji huanza kupoa.

"Kula, Papa Édouard," humwambia, akimwekea kijiko mkononi. "Kula yote. Usikufe kabla ya kusema."