Makabati ya Bi Jalada

Jumatatu saa mbili kasorobo asubuhi, Bi Jalada alifungua masjala ya idara ya maji, akafuta vumbi kwenye kaunta, akawasha birika, kisha akaenda kusoma tangazo jipya ubaoni. Tangazo lilisema kuanzia wiki ile watumishi wataajiriwa na kuendelezwa kwa sayansi ya ubongo. Usaili wa maswali ulikuwa umepitwa na wakati, maana mdomo hudanganya na ubongo haujui kusema uongo. Nafasi ya kwanza kujazwa kwa njia hiyo ilikuwa ya Mkuu wa Masjala.

Nafasi hiyo Bi Jalada alikuwa akiikaimu kwa mwaka wa tisa. Kila mwaka alipewa barua ya kumwongezea muda, na kila barua ilimshukuru kwa uvumilivu wake. Hata muhuri wake ulianza na neno Kaimu. Kanuni za ofisi zilisema aliyetimiza miaka hamsini hathibitishwi tena kwenye cheo chochote, na yeye alikuwa amebakiza wiki tatu. Ilikuwa safari hii au basi.

Jioni alimweleza mama yake kwamba sasa wanapima kichwa.

"Basi umepata," mama yake alisema, akiendelea kukunja nguo. "Kichwa si unacho?"

Usaili ulifanyika chumba cha mikutano. Mtaalamu wa Ubongo, aliyevaa viatu vizuri bila soksi, alikuja na kofia ya nyaya na mashine iliyoonyesha ukutani picha ya chumba kilichomo ndani ya kichwa cha mtu. Kila mtu ana chumba. Dereva wa mkurugenzi, aliyevalishwa kofia kwa majaribio, alionekana ana kituo cha mafuta na kitanda.

Cha Bi Jalada kilikuwa masjala yenyewe, ila safi zaidi. Kulikuwa na makabati arobaini na mawili yaliyopangwa kwa mitaa, na ndani yake kila bomba, kila mita na kila ugomvi wa majirani juu ya bomba na mita. Pembeni palikuwa na ndoo chini ya dari inayovuja. Kwenye meza ya zamani alikaa Mzee Muhuri, mkuu wa masjala aliyemtangulia, ambaye walimzika miaka tisa iliyopita. Alikuwa anakunywa chai.

"Shikamoo, mzee," jopo lilimwamkia.

"Marahaba. Endeleeni na kazi."

Mtaalamu aliandika neno moja: kimejaa.

"Sayansi ya kisasa inatafuta nafasi ya kukua," alieleza. "Humu hata kigoda hakiingii."

"Lakini vyote vinatumika," Bi Jalada alisema. "Niulizeni koki yoyote ya mji huu, niwaambie iko wapi."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo, mama."

Akafuata mpwa wa mkurugenzi, mikono mifukoni. Chumba chake kilikuwa na kuta nyeupe zilizopakwa rangi juzijuzi, dirisha kubwa, na kiti kimoja. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili lilikuwa tulivu kabisa, upepo unaingia na kutoka. Juu ya kiti palikuwa na barua. Katibu wa jopo alivaa miwani, akasogea ukutani na kuisoma kwa sauti. Ilimteua mpwa kuwa Mkuu wa Masjala, ina saini ya mkurugenzi na muhuri wa idara, na tarehe yake ilikuwa ya wiki mbili zilizopita. Katibu aliiingiza kwenye kumbukumbu za kikao, akarudi kukaa.

"Huyu anayaona malengo yake waziwazi," Mtaalamu alisema kwa heshima. "Ni nadra sana."

"Hiyo barua imeandikwa kabla ya usaili, bosi," Bi Jalada alisema.

"Ubongo hautazami kalenda, Bi Jalada," mkurugenzi alimjibu kwa upole.

Damu ni nzito kuliko maji, hata kwenye idara ya maji. Mpwa alithibitishwa siku hiyohiyo.

Ijumaa ilianza sehemu ya pili ya sayansi, ya kuendeleza watumishi. Kwa kuwa kichwa kimoja kilijaa na kingine kilikuwa na nafasi, ilishauriwa makabati yahamishwe. Wapagazi wawili walikuja na toroli, wakayatoa moja moja kupitia sikio la kushoto la Bi Jalada, wakayaingiza kichwani mwa mpwa. Haikumuuma Bi Jalada, ila vumbi lilimpigisha chafya mchana kutwa. Alitia saini hati ya kutolea mali, nakala tatu. Mzee Muhuri alibaki kwa sababu hakuwemo kwenye orodha ya mali, na ndoo vilevile.

"Wamekuthibitisha?" mama yake aliuliza jioni.

"Wamenipunguzia mzigo, mama."

Jumatano ya wiki iliyofuata bomba kuu lilipasuka karibu na shule ya msingi. Maji yaliingia madarasani, na madawati yakatoka getini yakielea kwa mstari, darasa la kwanza mbele. Mkurugenzi alimpigia mpwa wake simu kuuliza koki kuu iko wapi. Mpwa alivuta droo moja ya kichwani mwake kwa nguvu. Kabati lililala juu ya mwenzake, mwenzake juu ya jirani, mpaka yote arobaini na mawili yakawa chini. Kishindo kilisikika hadi kituo cha basi. Daktari alimwandikia mapumziko ya miezi mitatu, yenye mshahara kamili.

Wakamgeukia Bi Jalada, ambaye kichwani hakuwa na kitu. Aliinamisha uso, akasikiliza.

"Chini ya maua ya shule, karibu na mlingoti wa bendera," Mzee Muhuri alisema kutoka kwenye sakafu tupu. "Nilimkataza mwalimu mkuu asipande maua pale."

Fundi alichimbua maua, akafunga koki. Madawati yalisimama palepale yalipofika.

Mtaalamu alimpima Bi Jalada upya. Taarifa yake ilisema mama huyu sasa ana nafasi ya kukua isiyo na mfano, bahati mbaya hana uzoefu. Kisha alilipwa, akaenda idara ya barabara.

Siku Bi Jalada alipotimiza miaka hamsini, wapagazi waliyarudisha makabati kwa hati ya kuazima. Yalikuwa na mikwaruzo, na droo zimechanganywa. Juu ya toroli walileta barua. Ilimtaka akaimu ukuu wa masjala mpaka Mkuu atakapopata nafuu, na ilimshukuru kwa uvumilivu wake.

Alikaa mezani akalia kidogo, si kwa muda mrefu, maana kulikuwa na foleni. Kisha alimsomea Mzee Muhuri barua yote.

"Baba, wewe walikuthibitisha baada ya miaka mingapi?"

Mzee alizungusha kikombe chake. Kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja alikuwa akigonga muhuri ulioandikwa Mkuu wa Masjala, wazi, bila neno Kaimu, na Bi Jalada alikuwa akiutazama kama watu wanavyotazama nyumba watakayojenga.

"Mimi nilikufa nikikaimu, mwanangu."

"Na ule muhuri?"

"Nilijichongea mwenyewe. Niliona aibu kukwambia." Alimwonyesha kabati la mwisho, lililorudishwa likitazama ukuta. "Uko droo ya chini. Umekauka tu."

Mteja wa kwanza aligonga kaunta. Bi Jalada alimwomba asubiri kidogo, anatafuta wino.