Programu Isiyoitwa na Mtu

Fundi wa kompyuta wa hospitali ile alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa mikono, na wauguzi walimwita Chapuchapu. Jumatatu moja mkuu wa maabara, mama asiyependa kungoja, alimwita.

"Mwanangu, kompyuta hii naiwasha, naenda kunywa chai, narudi, bado inajikuna tu. Wagonjwa wamejaa kwenye benchi."

Chapuchapu akaikagua. Akakuta programu ishirini na tatu zikiamka pamoja kila mashine inapowashwa, zikisukumana kama watu mlangoni: ya printa, ya kutuma majibu wodini, hata ya skana iliyokufa mwaka juzi.

"Nitazilaza, mama. Ukitaka kuchapa, ya printa itaamka. Isiyoitwa haiamki."

Kufikia adhuhuri, kompyuta iliwaka kabla mtu hajamaliza kuvaa koti jeupe. Siku nne Chapuchapu alitembea kifua mbele.

Ijumaa, saa saba mchana, alisikia zogo maabara. Friji ya damu ilikuwa vuguvugu. Mlango wake haukufungwa vizuri tangu asubuhi, na mifuko tisa ya damu ilikuwa imeharibika. Mama mmoja aliyekuwa apasuliwe alasiri ile alirudishwa wodini. Mfagizi, mzee mpole aliyeipangusa friji ile, alisimama kando ameinamisha kichwa.

"Hata kama aliuacha wazi," alisema mkuu wa maabara, "kengele hulia. Mbona haikulia?"

Chapuchapu alikumbuka alichofanya Jumatatu. Usiku mtu wa zamu hukisoma kipimajoto kwa macho yake. Mchana kazi hiyo hufanywa na programu, na joto likizidi ndiyo inayopiga kengele. Naye aliilaza pamoja na wenzake, ingoje kuitwa. Nani angeiita, wakati kazi yake ndiyo kuita watu?

Angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyejua, na lawama ilishapata mgongo wa kukalia.

"Ni mimi," alisema. "Mlango kusahaulika ni jambo la kawaida, ndiyo maana kuna kengele. Mimi niliilaza bila kujua."

Mkuu wa maabara alimgeukia. "Ulimuuliza mtu kila moja inafanya nini?"

"Sikuuliza, mama."

"Basi leo uliza."

Alikaa hadi saa kumi na moja, akimuuliza kila mwenye kazi: hii inamngoja mtu, au inamlinda asipokuwepo? Mbili akazirudisha ziamke na mashine: ya kipimajoto, na ile inayopokea maombi ya dharura kutoka wodini. Nyingine akaziacha zilale. Ya skana akaifuta kabisa. Kisha akaacha mlango wa friji wazi makusudi, akasimama pale mpaka kengele ikalia.

Damu ililetwa kutoka hospitali nyingine jioni ile, na yule mama mgonjwa akapasuliwa kesho yake, salama.

Chapuchapu alimkuta mfagizi bombani, ameshika pazia alilotoka kulifua, bichi na zito.

"Babu, nisamehe. Ulisimama pale kwa sababu yangu."

"Mlango kweli niliuacha mimi," alisema mzee. "Lakini miaka yote niliyofagia hapa, sijamsikia mtu akisema 'ni mimi' kabla hajaulizwa. Haya, shika ncha hiyo, tulikamue."