Taa ya Lori ya Waya

Vidole vya Wacera havikujua kutulia. Mwalimu akiuliza swali, mdomo wake ulifungwa kama umepakwa gundi, lakini vidole chini ya dawati vilikuwa vinasokota uzi, vinakunja karatasi, vinachokora mbao. Kwa hivyo alikuwa anaishi akingoja Ijumaa. Kila Ijumaa mchana Mwalimu Mbeti, msichana mgeni kutoka upande wa Embu, alifungua katoni ya betri na balbu za tochi, akaambia darasa la sita, "Leo sitaki mdomo. Nionyesheni na mikono."

Uhuru ulikuwa umefikisha miaka kumi hivi, na shule bado haijaona stima.

Lakini Ijumaa hii hedimasta, Bwana Ngatia, alikuwa amesimama mlangoni, fimbo ikigongagonga suruali yake.

"Mwalimu, wazazi wanachuma kahawa na mvua ndio hawa wasome. Halafu nasikia ati wanacheza na magari ya waya! Nionyeshe taa moja ikiwaka. Moja tu. Kama hakuna, tunarudi kwa ubao, na hiyo katoni nafungia kwa ofisi."

Darasa lote likamwangalia Kahiga, aliyekaa dawati moja na Wacera. Kwa magari ya waya hakuna aliyemfikia. Lori yake ilikuwa ya waya ya seng'enge, na magurudumu ya mikebe. Jana yeye na Wacera walikuwa wameazima betri na balbu kwa Mwalimu, wakaiwasha juu ya dawati, ikawaka vizuri kabisa. Leo asubuhi Kahiga akaifunga kwa lori peke yake.

Akasokota waya ya mwisho. Giza.

"Lori imezimika!" mtu akapiga kelele nyuma. "Sukumeni!"

"Ipelekwe Karatina kwa fundi!"

"Ni balbu imekufa," Kahiga akasema, masikio yakimchoma. Akaweka ingine. Giza.

Wacera akagusa betri. Ilikuwa moto. Akavuta mkono, akaurudisha. Kama haiwashi, mbona ina moto kama inafanya kazi? Akaangalia waya mbili za shaba, uchi, zinazotoka kwa betri mpaka kwa balbu. Jana zilikuwa zimelala mbali mbali, hazigusi kitu. Leo Kahiga, kwa kutaka urembo, alikuwa amezizungusha zote mbili kwa mwili wa lori, kutoka nyuma mpaka mbele. Na lori yenyewe ni waya tupu! Stima ilikuwa inatoka kwa betri, inapitia mwili wa lori na kurudi nyumbani. Kwa balbu haikuwa inafika hata kusalimia.

"Kahiga," akanong'ona, "ni mwili ya lori. Waya zinaigusa."

"Wee, unajua nini na lori?"

Hedimasta akaangalia saa. Wacera akararua ukurasa wa kitabu, akaukunja, akausukuma katikati ya waya na lori. Kahiga alipokaza, waya ikakata karatasi.

"Na sasa wanararua vitabu!" hedimasta akasema. "Mwalimu, nimeona ya kutosha."

Mwalimu Mbeti akaanza kufunga katoni, polepole, bila kuinua macho.

Kilitakiwa kitu kigumu kukatika, kisichopitisha stima. Mpira. Na mpira ulikuwa hapo hapo, ndani ya kaptura ya Kahiga: manati, ya tyubu ya baiskeli, aliyonunua soko la Gakindu. Darasa lote lilijua. Hedimasta peke yake hakujua, na ni yeye alikuwa ameapa kuchapa mwenye manati tangu dirisha la ofisi livunjwe.

"Toa manati," Wacera akamwambia Kahiga.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Kahiga akamwangalia kama mtu amemwagiwa maji. Akaitoa.

Wacera akakata vipande na wembe wa Mwalimu, akaviweka chini ya waya moja, kila mahali ilipogusa lori. Akakaza. Balbu ikawaka.

Hedimasta akainama. "Wewe msichana, kwa nini sasa ndio imewaka?"

Mdomo ukafungwa tena. Vidole vikatoa mpira: giza. Vikarudisha: mwanga. Vikatoa tena.

"Basi, basi, nimeona." Akajikuna kidevu. "Mwalimu, endelea na hizi Ijumaa. Na wewe mwenye manati, kuja ofisi."

Kahiga alirudi akipuliza viganja, akakaa ncha ya mbali ya dawati.

"Pole," Wacera akasema.

"Wachana na mimi. Wote walijua, lakini ni wewe ulisema."

Wacera alitaka kulia, na pia alitaka sana kushika ile lori, na hakujua ni gani anaona aibu nayo zaidi. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Watoto wakatoka mbio. Kahiga hakuinuka. Mwishowe akaisukuma lori kwa kiwiko mpaka ikamfikia Wacera.

"Nyuma haina taa," akasema, bado amekasirika. "Mimi mikono haishiki. Weka wewe."

Vidole vya Wacera vilikuwa vimeshaanza kufungua waya.